Vyombo Vimeisha, Kipindi Kimeisha, na Sikumbuki Kitu

Swali: Kila siku nina saa kadhaa za kazi za nyumbani: vyombo, kufua, kupiga pasi, kudeki, kupika. Simu yangu nimeijaza podikasti za historia na uchumi nikitumaini kujielimisha huku mikono ikiendelea na kazi. Nikimaliza, hata nusu sikumbuki. Nikiweka muziki, baada ya muda unanichosha, au najikuta nimesimama na mikono imelowa natafuta wimbo mwingine. Mwenzangu ananiambia nizime vyote nifanye kazi kimya. Kuna kitu kinachofaa kusikilizwa wakati wa kazi hizi, au ninajidanganya?

Jibu: Hujidanganyi hata kidogo. Vya kusikiliza vipo, tena vingi, ila umevichagua kwa kuangalia faida unayotarajia kuvuna, kisha ukavitandaza juu ya kazi zote sawasawa, kana kwamba kuosha vyombo na kupika chakula usichowahi kukipika ni kazi moja. Mimi ningekushauri uanzie upande wa pili. Itazame kazi kwanza, uone imeshika nini mwilini na kichwani mwako na imeacha nini. Kilichoachwa huru ndicho kitakachosikiliza.

Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, walieleza kwamba akili inayoshikilia mambo kwa muda mfupi imegawanyika. Ipo sehemu inayoshughulika na maneno, ile sauti ya ndani unayoisikia unapojirudiarudia namba ya simu kabla hujapata kalamu. Ipo na nyingine inayoshughulika na picha na mahali vitu vilipo. Sehemu hizi huweza kwenda pamoja bila kugombana sana. Lakini ukiibebesha moja kati yake mizigo miwili kwa wakati mmoja, mmoja utaanguka.

Sasa lipeleke hilo jikoni. Sahani inataka mikono na macho, haitaki maneno. Nguo ya kukunja na shuka la kutandika ni vivyo hivyo, na pasi pia ukishaizoea. Sauti yako ya ndani iko huru, na mtu anaweza kukusimulia hadithi ndefu ukaifuata vizuri. Lakini kusoma maelekezo ya mapishi, kupima vipimo, kuhesabu, kuandika orodha ya vitu vya kununua, kupanga bili na karatasi za nyumbani, hizo zote ni kazi za maneno hata kama zinafanyika umesimama. Hapo mtu anayezungumza sikioni anakugombania njia ileile. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1976 yalionyesha kwamba watu walioambiwa wakariri mfuatano wa herufi walivurugwa na maneno yaliyokuwa yakisomwa pembeni, hata pale maneno yenyewe yalipokuwa ya lugha wasiyoijua. Kwa hiyo usijiambie kwamba utakipuuza kipindi wakati wa kusoma maelekezo. Sikio halina kope la kufunga.

Nije kwenye kilio chako kikubwa, kusahau. Watu wengi hulaumu mikono: nimesahau kwa sababu nilikuwa naosha vyombo. Nadhani mikono inasingiziwa. Mtafiti wa Uingereza, Jackie Andrade, aliwasikilizisha watu 40 ujumbe wa simu uliokuwa wa kuchosha makusudi. Nusu yao walikaa tu wakisikiliza, nusu wakapewa vichoro vya kujazia kwa penseli. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2009, ni kwamba waliokuwa wakichora walikumbuka zaidi kwa asilimia 29. Kazi nyepesi ya mikono, inaelekea, humzuia mtu asizame kwenye ndoto za mchana. Upande wa pili, utafiti wa mwaka 2013 ulilinganisha kusoma kwa sauti, kusoma kimya na kusikiliza, na waliosikiliza ndio ambao mawazo yao yalitangatanga zaidi na kumbukumbu zao zikawa dhaifu zaidi. Hao walikuwa wamekaa, hakuna aliyekuwa na sufuria mkononi.

Ugumu basi uko kwenye kusikiliza kwenyewe. Ukisoma, jicho likipotea linarudi mstari wa juu bila hata wewe kuamua. Sauti haikungoji. Na kazi za nyumbani zimejaa vikwazo vya sekunde chache: doa lisilotoka, kifuniko kisichoonekana, soksi moja iliyokosa mwenzake. Kila kikwazo kinakula sentensi mbili tatu za mzungumzaji. Kama ni kipindi cha uchumi, na sentensi hizo mbili ndizo zilizobeba hoja yote, yaliyobaki ni kelele zenye heshima. Historia iliyojaa majina na miaka nayo ni hivyohivyo. Vipindi vya namna hii vimeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekaa, na pengine ana kalamu.

Hadithi husamehe. Ukikosa nusu dakika ya hadithi, sababu na matokeo yake hukurudisha ndani: huyu kakasirika, bila shaka yule kamwambia ukweli. Mahojiano marefu nayo husamehe, kwa kuwa watu wakizungumza hurudia, hufafanua, hupingana, hucheka. Ndiyo maana unaweza kusikiliza watu wawili wakijadiliana kwa muda mrefu huku unakunja nguo, ukabaki na picha kamili ya walichokubaliana, ilhali mhadhara wa dakika kumi umekupita wote.

Watayarishaji wa redio waliling'amua hili mapema. Mwaka 1930 kituo cha WGN cha Chicago kilianza kurusha mchezo wa mfululizo wa mchana ulioandikwa na Irna Phillips kwa ajili ya wanawake waliokuwa nyumbani. Mwaka 1933 ukaja mwingine uliodhaminiwa na sabuni ya Oxydol ya kampuni ya Procter & Gamble, na muda si muda watengenezaji wa sabuni wakawa wameitawala saa ya mchana redioni. Kipindi kilikuwa cha dakika 15. Mtangazaji alianza kwa kukumbusha yaliyotokea jana, wahusika waliitana majina kila mara, na jambo moja dogo liliweza kuvutwa wiki nzima. Wakosoaji waliicheka michezo hiyo kwa kujikokota. Mimi naona ni ufundi mkubwa: ilitungwa kwa mtu ambaye dakika yoyote angeinuka kwenda kuzima jiko, na alipewa njia ya kurudi.

Kabla ya redio walikuwapo wasomaji wa viwanda vya sigara vya Havana, Cuba, kuanzia mwaka 1865. Msomaji alikaa juu ya jukwaa akiwasomea wafanyakazi magazeti na riwaya huku wao wakisokota tumbaku, na mshahara wake waliuchangia wenyewe. Kusokota sigara ni kazi ya vidole na macho, ya kurudiarudia, isiyo na neno hata moja. Walichoamua kukilipia kutoka mifukoni mwao ni maneno. Sijui ushahidi gani mwingine mtu angeutaka.

Kwa hiyo kwa vyombo, pasi na kukunja nguo, weka riwaya zinazosomwa kwa sauti, michezo ya redio, mahojiano, masimulizi ya maisha ya watu. Nina na pendekezo ambalo wengi hulidharau: sikiliza tena ulichokwisha kukisoma au kukisikia. Kitabu ulichokipenda zamani ni rafiki mzuri sana wa kazi za mikono. Hakuna hofu ya kupotea, na mara ya pili sikio huokota vitu ambavyo mara ya kwanza haraka ya kujua mwisho ilivipita.

Ukitaka kubaki na maarifa kweli, fanya jambo moja dogo lisilopendeza. Kipindi kikiisha, usikiache cha pili kianze chenyewe. Zima, kisha sema kwa sauti, kwa mwenzako au kwa ukuta, ulichokipata. Sentensi tatu zinatosha. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba watu waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikihifadhi vizuri zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokisoma tena na tena. Dakika ileile unayojikakamua kukumbuka ndiyo inayokipigilia msumari. Simu zetu zimetengenezwa kuiua dakika hiyo: kipindi kinaisha, kingine kimeshaanza, na cha kwanza kimeshafutika. Nenda kwenye mipangilio ya programu unayotumia, uzime uchezaji wa mfululizo. Kama ni kubadilisha jambo moja tu wiki hii, anza na hilo.

Watu huniuliza pia kuhusu kuongeza kasi. Utafiti wa chuo kikuu cha UCLA cha Marekani, uliochapishwa mwaka 2021, uliona kwamba wanafunzi waliotazama mihadhara ya video kwa kasi maradufu walielewa karibu sawa na waliotazama kwa kasi ya kawaida, na kwamba uelewa ulishuka kasi ilipozidi hapo. Lakini wale walikuwa wamekaa wakitazama. Mwenye kazi mkononi namshauri abaki kwenye kasi ya kawaida. Vile vituo vidogo kati ya sentensi na sentensi, ambavyo kasi huvimeza, ndimo unamopata nafasi ya kurudi baada ya kuhangaika na doa.

Mwenye kujifunza lugha asiache nafasi hii ipite. Chukua mazungumzo ambayo sehemu kubwa unaielewa tayari, na umfuatishe mzungumzaji kwa sauti, neno kwa neno, nyuma yake kidogo. Hakuna anayekutazama, na ulimi unajizoesha bila aibu. Mazungumzo usiyoyaelewa kabisa hayatakuingia kwa kuyapigia pasi.

Muziki una shughuli tofauti. Haukuachii cha kukumbuka, unakusukuma. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, ametumia miaka mingi kuchunguza muziki na mazoezi ya mwili, na jambo linalojitokeza mara kwa mara ni kwamba katika juhudi nyepesi na za wastani muziki hupunguza uchovu anaouhisi mtu. Juhudi ikiwa kali sana, mwili hupiga kelele kuliko wimbo. Kudeki, kufagia, kusugua bafu, kubadilisha mashuka, hizo ni juhudi nyepesi na za wastani, na zote zina mwendo unaoweza kufuata mdundo. Mtu anayetembea kwa uchangamfu hupiga hatua 120 hivi kwa dakika, na mdundo wa karibu na hapo humkaa mtu mwilini bila kulazimishwa. Kwa vyombo na pasi muziki ni burudani tu, nyenzo halisi ni kwenye kazi za kutembea.

Lakini unasema unakuchosha. Nauliza: unauacha kwa muda gani? Tarehe 23 Juni 1940, vita vikiwa vimepamba moto, shirika la BBC lilianza kurusha muziki kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani. Ulikuwa wa nusu saa, mara mbili kwa siku, basi. Zilipigwa nyimbo zinazojulikana, kwa sauti isiyopanda na kushuka, na wimbo mmoja uliokuwa na sehemu ya kupiga makofi ulikataliwa kwa sababu wafanyakazi waliitikia kwa kugonga meza na zana. Kipindi kilidumu hadi mwaka 1967. Kampuni ya Marekani ya Muzak, iliyozaliwa mwaka 1934, ilikuja kuuza muziki wa maofisini uliopangwa kwa vipande vya dakika 15, nyimbo zikizidi kuchangamka kuelekea mwisho, kisha dakika 15 za kimya. Madai yake kuhusu tija yalikuwa ya muuza bidhaa na uyachukulie hivyo. Ila angalia kwamba hata wao, ambao riziki yao ilikuwa muziki, waliuza na kimya.

Basi weka nusu saa, uzime. Orodha iandae usiku au wakati umekaa, ya nyimbo unazozijua vizuri. Wimbo mgeni unakuuliza swali, je, unanipenda, na jibu likiwa hapana unanyanyua mkono uliolowa kutafuta mwingine. Ule usiku wa kuandaa orodha ndio wakati wa kuonja nyimbo mpya, siyo katikati ya kudeki.

Kuna kazi moja, kila mtu anayo yake, ambayo unaikimbia mpaka inakuwa mlima. Hiyo ifungie hadithi nzuri kuliko zote ulizonazo, na usiisikilize hadithi hiyo mahali pengine popote. Mtafiti wa Marekani, Katherine Milkman, na wenzake walijaribu jambo la aina hii kwa watu waliotaka kufanya mazoezi: kundi moja lilipewa vitabu vya kusikiliza vilivyonasa hamu, lakini vilifungiwa kwenye jumba la mazoezi. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2014, kundi hilo lilianza kwa kuhudhuria kwa asilimia 51 zaidi ya wenzao wasio na mpango huo. Halafu ikaja likizo, watu wakaondoka, na waliporudi faida ilikuwa imeyeyuka. Ninalipenda jaribio hili kwa sababu ya hiyo likizo. Linakuonya kwamba ukikatisha kwa safari au ugonjwa, mpango hautajirudisha wenyewe, itabidi uchague hadithi mpya na uanze tena.

Mwenzako naye ana hoja, ingawa si yote. Katika Chuo Kikuu cha Florida State, watafiti waliwapa wanafunzi 51 vyombo vya kuosha. Baadhi walisomeshwa kwanza maelezo ya kuosha kwa utulivu, wakizingatia joto la maji, harufu ya sabuni na mguso wa sahani. Wengine walisoma maelekezo ya kawaida ya kuosha. Wa kwanza walijieleza kuwa wasiwasi wao ulipungua kwa asilimia 27 na hamasa ya fikra ikapanda kwa asilimia 25. Wa pili hawakupata badiliko hilo. Ni watu wachache, na ni wao wenyewe waliojipima, kwa hiyo siwezi kukuambia uzime kila kitu kwa ajili ya utafiti huo. Ninachokubaliana nacho ni kwamba kazi moja kwa siku ifanyike bila sauti yoyote, na ningeiweka pale ambapo siku imekuwa na kelele nyingi zaidi. Mambo mengi ambayo mtu hakuyapatia jibu ofisini humjia hapo, maana akili iliyoachiwa kazi isiyoihitaji huenda kwenye shughuli zake.

Kupika nakuweka upande wa kimya kwa sababu nyingine. Sikio ni chombo cha mpishi. Mafuta hupiga kelele maji yakiwa bado yamo ndani ya chakula, na kelele ikilegea ujue maji yanaisha na kuungua kunakaribia. Kifuniko kinachotikisika kinakueleza moto ni mwingi. Ukipika kitu ambacho mikono yako inakijua, muziki wa chini hauna ubaya. Ukipika kwa kusoma maelekezo, zima maneno ya watu wengine mpaka uyamalize.

La mwisho ni masikio yenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima anayesikiliza kwa vifaa vya masikioni asizidi desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu, hivyo kwa desibeli 89 zimebaki saa tano tu za wiki nzima. Hatari ya kazi za nyumbani ni kwamba zina kelele zake: mashine ya kufyonza vumbi, mashine ya kusaga, bomba lililofunguliwa lote. Mtu hupandisha sauti ili aisikie podikasti juu ya kelele hizo, mashine ikizima anasahau kuishusha. Spika ndogo chumbani ni bora kuliko hedifoni, na kama kuna mtoto au mgonjwa ndani, sikio moja libaki wazi daima, hata hizo hedifoni za kuzima kelele ziwe nzuri kiasi gani. Na mashine inapounguruma, simamisha kipindi mpaka uizime.